Mchakacho wa Koti Jipya

Chakacha. Kimya. Chakacha tena.

Nilisikia kabla sijaona kitu. Ukungu ulikuwa umelalia msitu wa misonobari na mwanga wa asubuhi ulikuwa haujafika hata kwenye vidole vyangu. Nikajua ni paa, anakanyaga majani ya kangaga yaliyokaushwa na baridi. Nikageuza kichwa polepole nisikilize vizuri. Sauti ikaja tena, karibu zaidi, karibu mno. Nilipobana pumzi ikanyamaza. Nilipoinua mkono kufuta jicho ikarudi.

Ulikuwa mkono wangu. Lilikuwa koti langu jipya likijisugua ubavuni mwangu.

Ningekuwa mtu wa kuambilika ningelivua pale pale. Lakini nilikuwa nimelinunua wiki mbili tu zilizopita, la kijani kilichopauka, tabaka tatu za kitambaa, zipu za mpira, kofia yenye kamba za kubana kila upande. Maji yakilidondokea yanateremka kama yamefukuzwa. Picha ya muuzaji ilimwonyesha mtu mwenye ndevu amesimama juu ya jabali na mvua inamwogopa. Nami nilitaka mvua iniogope.

Naitwa Aidan Telfer. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, msaidizi wa Mzee Wilf Charlton, ambaye amekuwa mlinzi wa mawindo wa shamba kubwa la juu ya mto Rede, karibu na mpaka wa Skotland, tangu kabla sijazaliwa. Kila majira ya baridi tunapunguza paa majike, maana wakiachwa hutafuna miche yote, msitu ukabaki vijiti. Asubuhi ile Mzee Wilf aliniruhusu kwenda peke yangu kwa mara ya kwanza. Yeye alibaki chini langoni pamoja na Jet, mbwa wake mweusi, akisubiri kusikia mlio wa bunduki.

Ukungu ulipoanza kunyanyuka nikamwona. Paa jike, peke yake, amesimama ubavu kwenye uwazi, hatua mia hivi, nyuma yake kilima kitupu. Hakuna mwindaji anayepewa nafasi nzuri kuliko ile. Niliegemeza bunduki kwenye fimbo, nikashusha pumzi, nikavuta kiwiko ndani kidogo ili bega likae sawa.

Chakacha.

Akainua kichwa, akageuka. Kidole changu kilikuwa tayari kimevuta, bunduki ikalia.

Paa aliyekoswa hukimbia mkia juu. Huyu alijikunja mgongo kama mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo, kisha akaingia kwenye miti michanga kwa hatua fupi fupi, kichwa chini. Niliona. Nataka hilo liwe wazi kabla sijaendelea, maana nimejaribu kujidanganya mara nyingi kwamba kulikuwa na ukungu. Niliona vizuri kabisa.

Kwetu anayejeruhi harudi nyumbani mpaka amalize. Hakuna mahali ilipoandikwa, lakini kuna watu katika bonde letu wasiosalimiwa vizuri hadi leo kwa sababu ya mnyama mmoja waliyemwacha miaka ishirini nyuma. Aliyekosa kabisa, yeye huchekwa, halafu anakwenda zake kunywa chai.

Mzee Wilf alipanda kutoka langoni akichechemea, goti lake la kushoto ni bovu, Jet akimfuata kisiginoni. Alikuwa amevaa lile koti lake la pamba lililopakwa nta ili lizuie maji, rangi yake siijui, huenda lilikuwa la kijani wakati baba yangu akiwa kijana. Aliniuliza ilikuwaje.

"Nimekosa, Mzee," nikasema. "Risasi imepita juu. Hajaguswa."

"Aliondokaje?"

"Wima. Mkia juu."

Alinitazama kidogo, kisha akasema haya, twende tukapaangalie aliposimama. Nikamwambia hakuna haja, mvua inakuja.

"Ndiyo maana twende sasa," akasema.

Hilo nililisahau, au nililitumaini lisahaulike: kwa Mzee Wilf, hata ukiapa umekosa, mahali aliposimama mnyama lazima paangaliwe. Alipiga goti lake zima, lile bovu akalinyoosha pembeni, akapapasa nyasi kama mtu aliyeangusha kifungo. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akanyanyuka na kunifungulia kiganja. Ndani mlikuwa na nywele nyeupe chache, ngumu, za tumboni, na kwenye ncha ya kidole chake tone la damu iliyochanganyika na kitu cha kijani, majani ya tumboni.

"Hizi zimenyonyoka zenyewe?"

Nilihisi uso unawaka mpaka masikioni. Kama angenitukana ningepata pa kushika, mimi ni mtu wa hasira za karibu, ukinitukana nitakutukana na mambo yanaisha. Hakutukana. Alifuta kidole kwenye nyasi, akasema tungoje nusu saa paa alale chini, tukimfuata sasa hivi tutamfukuza mpaka Skotland.

Tukakaa kwenye kisiki. Alifungua chupa ya chai, akamimina kikombe cha kwanza akanipa mimi. Alimega mkate wake wenye nyama ya nguruwe, nusu akanipa pia. Jet aliitazama nusu yangu mpaka nikampa. Haikuwa ukarimu. Sikuona kama ninastahili mkate wake.

Nilikuwa namtazama yule mzee na koti lake, na nikikumbuka Ijumaa iliyopita.

Ijumaa ile ilikuwa karamu ya kufunga msimu wa kuwinda ndege. Wafurushaji wote huja baani kijijini, wale wanaotembea msituni wakipiga vichaka kwa fimbo ili ndege waruke, na walinzi, na wake zao. Mimi nimejifunza kutunga mashairi mwenyewe, kwenye trekta, nikihesabu silabi kwa vidole juu ya usukani, na kila mwaka wananidai kitu. Mwaka huu nilikuwa na koti jipya na kichwa kilichojaa koti jipya. Gil Rutter, dereva wetu, alikuwa amenichokoza tangu mchana kwamba nikitembea nasikika kama mtu anayekula bisi kanisani. Watu walicheka. Nami sikubali kuchekwa. Nikapanda juu ya kiti, nikampiga asiyenipiga, Mzee Wilf:

*Koti lake lanukia, mshumaa na kondoo,*
*Mvua ikilingia, linajaa kama ndoo,*
*Paa wote wakimbia, wakidhani ni la choo,*
*Litupe, mzee wetu, uzikwe na jipya koti.*

Zilikuwa beti tano, huo ndio ubeti walioomba niurudie. Gil alipiga meza mpaka bia ikamwagika. Mzee Wilf naye alicheka, ameshika gilasi yake kwa mikono miwili. Nilipomaliza akaniita, akaniomba karatasi yenye shairi. Nikampa kwa majivuno, nikidhani anataka kuitupa motoni, na kwamba kutupwa motoni ni sifa kwa shairi. Kisha akachukua koti lake kwenye msumari wa karibu na jiko, akalihamishia barazani penye baridi, akarudi kukaa. Niliona hilo pia. Niliona mambo mengi wiki ile nikayaacha yapite.

Mvua ilianza kabla nusu saa haijaisha, nyembamba, imechanganyika na theluji. Mzee Wilf akatazama juu.

"Damu itaoshwa," akasema. "Twende."

Alimfunga Jet kamba ndefu, mbwa akainamisha pua akaanza kuvuta. Tuliingia kwenye miti michanga. Kuna mahali penye tone, kisha hatua ishirini hakuna kitu, kisha jani limepakwa. Tulifuata hivyo hadi Jet aliposimama na kutetemeka. Mzee akainua mkono. Nami nikainama kuchungulia chini ya matawi.

Chakacha.

Mbele yetu kitu kiliinuka na kuondoka kikivunja vijiti. Paa hakukimbia. Alijikokota. Ni vibaya zaidi kusikia mnyama akijikokota.

Mzee hakugeuka. Tukangoja, tukafuata tena, polepole zaidi. Nilijaribu kutembea mikono nimeipanua mbali na mwili kama ndege aliyelowa. Tawi likanipitia begani, likaliimbisha lile koti kama mtu anayepasua karatasi. Paa akanyanyuka mara ya pili. Safari hii alielekea chini, upande wa ukuta wa mawe, na ng'ambo ya ukuta ni msitu wa serikali, maelfu ya ekari, miti imebanana kama nywele. Akivuka pale, atakufa kesho au keshokutwa, peke yake, na hakuna atakayejua ni wapi.

Mzee Wilf akasimama.

"Vua," akasema.

Nikavua. Yeye pia alikuwa anavua. Akanipa lile la nta, na mkono wake mwingine ukanyooshwa kupokea langu.

"Mimi siwezi kutambaa humo, goti halikubali. Wewe utakwenda. Hapa mbele kuna mtaro wa zamani unaoshuka mpaka ukutani. Tambaa humo, bunduki tupu. Risasi ziko mfuko wa kulia."

Nilianza kusema kitu. Lakini alikuwa ameshavaa langu na anapandisha zipu mpaka kidevuni, anajitazama.

"Lina joto kweli," akasema. "Ukisimama kama mti, ni koti zuri sana." Kisha akaongeza, bila kejeli, kama anayenifundisha kazi, kwamba vipo vitambaa vipya visivyo na kelele, mkwe wake analo koti la namna hiyo, anakuja nyuma yako kama paka. "Ulipaswa ulisugue kwanza dukani, ulisikilize. Wewe ulinunua kwa macho."

Nikaingia mtaroni.

Nilikuwa nimeliandika koti lile kwa beti tano na sijawahi kulivaa. Ni zito. Kwenye baridi linakuwa gumu, lakini hili lilikuwa limetoka mwilini mwa mtu, lilikuwa na joto, na lilijikunja nami bila kusema neno. Matawi yalinisugua mgongo mzima na sauti iliyotoka ilikuwa ndogo, kama kiganja kwenye shingo ya farasi. Linanuka nta, ni kweli. Linanuka pia mbwa, tumbaku na sabuni ya mikono. Na mvua inaingia. Hilo nalo ni kweli. Kwenye mabega na kwenye kila mshono maji yalipenya yakanishuka mgongoni, na nikafikiri kwamba yule mzee amekuwa akilowa namna hii kila siku msimu mzima, kando yangu, na mimi nikiwa mkavu nikihesabu vina.

Nilitambaa hatua sitini labda. Magoti yalikuwa majini. Mwisho wa mtaro niliinua kichwa kwa upana wa kidole, nikamwona.

Alikuwa amelala chini ya ukuta, hatua ishirini kutoka kwangu, miguu imekunjwa chini yake, shingo juu. Alijaribu kuruka na kushindwa, alama za kwato zilikuwa kwenye ukoga wa mawe. Pumzi yake ilitoka mvuke, haraka haraka. Alikuwa anatazama upande alikokuwa Mzee. Mimi hakunisikia.

Nikaingiza mkono mfuko wa kulia kutafuta risasi. Vidole vikagusa karatasi. Niliitoa pamoja na risasi kwa sababu zilikuwa zimeviringishiwa humo ili zisigongane. Ilikuwa imekunjwa mara nne na kona zake zimelainika. Ilifunguka yenyewe mkononi, na nilichokiona kwanza ni mwandiko wangu. *Uzikwe na jipya koti.* Wino ulikuwa umeanza kusambaa kwa unyevu.

Sikuwa na nafasi ya kufanya chochote na nilichohisi. Paa alikuwa akipumua pale mbele. Nikaiweka karatasi kifuani, nikapachika risasi moja, nikasukuma komeo la bunduki taratibu. Mkono ulipita mbavuni, kiwiko kikaingia, koti halikusema kitu. Nikapiga shingoni. Kichwa kilishuka mara moja, na msitu ukawa na mvua tu.

Nilikaa kando yake nikashika sikio lake mpaka lilipoacha joto. Mzee Wilf hufanya hivyo. Sikuwahi kumuuliza kwa nini.

Alinikuta pale. Alikuwa amezunguka kwa njia ya ukuta, na nilimsikia tangu mbali, chakacha, chakacha, chakacha, mzee wa miaka sabini na mmoja ndani ya koti la kijana. Siku nyingine yoyote ningecheka. Jet alimnusa paa, akakaa chini. Mzee alitazama tundu la kwanza, lililo nyuma mno, na la pili. Akatikisa kichwa mara moja. Kisha akatoa kisu akanipa, na tukafanya kazi ya kumpasua na kumsafisha, mimi nikikata, yeye akishika miguu. Tumbo lilikuwa limechafuka ndani kwa ile risasi ya kwanza. Nyama ya nyuma nusu yake haikufaa. Harufu ilinieleza yale ambayo yeye hakuyasema.

Nilipomaliza kunawa kwenye kijito, nikasimama mbele yake.

"Nilimwona akijikunja," nikasema. "Nilijua nimempiga. Nilikuambia uongo kwa sababu ni koti lililoniharibia, na sikutaka Gil ajue."

"Najua."

"Umejuaje?"

"Huyo Gil alishasema bisi kanisani," akasema. "Nilikuwa langoni, upepo unakuja kwangu. Nilikusikia kabla ya yule paa."

Nilitoa ile karatasi kifuani. Nilitaka kuichana, lakini haikuwa yangu tena. Nikamrudishia. Aliipokea kwa uangalifu, akaikausha kwenye paja la suruali, akaikunja mikunjo ile ile. Nikamwambia nitamtungia shairi jingine, la heshima, beti kumi akitaka, na nitalikariri mbele ya watu wote.

"Acha. Hii inanitosha," akasema. "Hujui kwamba wewe ni mtu wa kwanza kunitungia shairi? Umri wote huu. Hata Hester hakuwahi."

Hester alikuwa mkewe. Alifariki majira ya baridi mawili yaliyopita. Nilibeba jeneza lake, bega la kulia, mbele. Na baada ya hapo nilipanda kwenye kiti mbele ya watu waliolibeba pamoja nami, nikatumia neno *uzikwe* ili kipande kipate mizani nane.

Ningependa anipige. Alikuwa anapapasa mshono wa bega la koti lake, nililokuwa bado nimelivaa, akiminya maji yatoke.

"Na hukukosea," akasema. "Linajaa kama ndoo. Yeye ndiye aliyekuwa akilipaka nta, kila Agosti. Kopo linakaa kwenye sufuria ya maji ya moto, kitambaa cha fulana kuukuu, anaanza na mishono. Jikoni kwetu hapakalikiki kwa harufu siku tatu. Mimi vidole hivi..." Akavinyoosha, vifundo vimevimba, kidole cha kati hakinyooki. "Havishiki kitambaa tena. Nilimpa binti yangu mwaka jana, akataka kulitia kwenye mashine ya kufulia na sabuni. Nikamnyang'anya."

Alicheka kidogo. Ndipo nilipoelewa ni kwa nini alilihamishia barazani Ijumaa ile. Alikuwa amelitoa mbele ya jiko lisiendelee kunuka.

Alianza kufungua zipu ya koti langu anirudishie. Nikamshika mkono. Nikamwambia alivae mpaka nyumbani, mimi nimeshalowa, hakuna kitakachozidi. Nikambeba paa mabegani, damu na mvua vikishuka juu ya ile nta kuukuu. Tulipofika langoni aliniuliza kama nitakuja kazini kesho, maana alinijua, alijua mtu mwenye kiburi kama mimi angeweza kutorokea mjini kwa aibu.

Sikutaka kuahidi kimoyomoyo tu. Nilimtua paa kwenye gari, nikamgeukia.

"Nitakuja, Mzee Wilf. Koti hili linaondoka na mimi leo, na kesho jioni litarudi kwako limepakwa, mshono kwa mshono, nikianzia mabegani. Na kila Agosti nitalifuata mwenyewe, usiniite. Na Ijumaa nitasimama baani, si juu ya kiti, nitasimama chini, niwaambie Gil na wote waliocheka kwamba nilimjeruhi paa kwa kelele za koti langu, kisha nikakudanganya usoni. Nakuahidi."